Bullet, CG au Ural: pikipiki ya kizamani ipi inafaa Mtwara na Lindi?

Kila msimu wa korosho, fedha za mnada zikishapita kwenye vyama vya msingi na kuwafikia wakulima, maduka ya pikipiki ya Mtwara, Masasi na Nachingwea hayakauki watu. Wengi huingia wakiwa wameshaamua: Boxer au TVS, na kesho yake ianze kubeba abiria. Hao hawahitaji ushauri wangu. Nawaandikia wale wengine, ambao wakiona tangi la mviringo lenye mstari wa dhahabu, rimu za spoku na taa moja ya duara, hupunguza mwendo ili watazame. Wanapenda injini ambayo mapigo yake yanahesabika. Huniuliza wachukue ipi, na mara nyingi jina la kwanza kutoka mdomoni mwao ni Bullet, ile ya Royal Enfield.

Nitangulize jibu. Kama unachokipenda ni uzamani wa sura, chukua Bullet na usihangaike na mengine. Kama unachokipenda ni uzamani wa ufundi, yaani mashine ambayo fundi wa chini ya mwembe anaifungua na kuifunga kwa spana chache na masikio yake, basi mashine hiyo unapishana nayo kila siku na huipi hata heshima ya kuitazama: ni pikipiki ya bei nafuu yenye injini ya CG, yaani ya Honda CG125 au nakala zake. Ural, ile ya Kirusi yenye kigari cha pembeni, ni habari nyingine kabisa, nitaigusa kwa ufupi kwa sababu kuna watu wameiona kwenye simu na hawalali.

Bullet ya jana na Bullet ya leo

Royal Enfield ilianzia Redditch, Uingereza. Jina Bullet limekuwepo tangu 1932, na umbo tunalolijua lilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Miaka ya mwanzo ya 1950 jeshi la India liliagiza Bullet 350 kwa ajili ya doria, na mwaka 1955 ikaundwa kampuni ya Enfield India mjini Madras, ambao leo unaitwa Chennai. Mwanzoni waliunganisha vipande vilivyotoka Uingereza, baadaye wakatengeneza kila kitu palepale. Kisha kikatokea kioja: kampuni mama ya Uingereza ikafa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mtoto wa India akaendelea kutoa pikipiki ileile kwa miongo kadhaa, kana kwamba hakuna aliyempa taarifa ya msiba.

Hiyo ndiyo Bullet iliyojenga sifa. Silinda ya chuma kizito, kipenyo cha milimita 70 na mwendo wa pistoni wa milimita 90, jumla cc 346. Gia boksi lilikuwa na mwili wake peke yake, likafungwa kwa bolti nyuma ya injini. Moto ulitoka kwenye platini, vile viguso vinavyokata na kuunga umeme wa plagi. Kuiwasha kulikuwa na adabu yake: unasukuma kiki taratibu huku ukitazama mshale wa ampia, yaani kipimo cha umeme, mshale ukirudi katikati unabana kiwiko kidogo cha kupunguza mgandamizo, unaipitisha pistoni mahali pagumu, unaachia, ndipo unapiga kiki moja ya nguvu. Ukiruka hatua moja, kiki inakurudishia na kisigino kinakumbuka wiki nzima. Mwendo mrefu wa pistoni na gurudumu zito la ndani ndivyo vilivyoleta lile dundo la polepole ambalo watu hulifuata mpaka leo.

Injini ile ya chuma iliachwa taratibu kuanzia 2008, ilipoingia injini mpya iliyounganishwa na gia boksi ndani ya mwili mmoja. Mwaka 2020 ikaja familia nyingine ya injini za cc 349, na Bullet 350 yenyewe ikavishwa injini hiyo mwaka 2023. Nguvu zake ni farasi 20 na ushee, gia tano, inapozwa kwa hewa na oili. Pistoni bado ina mwendo mrefu, milimita 85.8, kwa hiyo dundo halijapotea. Lakini kabureta hakuna, mafuta yanapulizwa na injekta kwa amri ya kompyuta. Platini hakuna. Na hili ndilo ninalotaka ulisikie vizuri wewe unayeishi Kitangari au Liwale: kiki pia hakuna. Betri ikifa, utaisukuma, na kuiwasha kwa kusukuma pikipiki ya injekta yenye betri iliyokufa kabisa ni kazi ya kutoa jasho bila malipo.

Bullet ya leo ni nyumba ya makuti iliyofungwa kiyoyozi ndani. Sisemi kwa kuikejeli. Kiyoyozi ni kizuri. Inawaka asubuhi kwa kubonyeza, haivuji oili kwenye sakafu ya baraza, breki zina ABS inayozuia gurudumu lisijifunge, na mtu anaweza kutoka Mtwara hadi Masasi kupitia Mnazi Mmoja, kama kilomita 200, akafika bila kuhisi ganzi ya mikono. Ila usinunue ukidhani unanunua mashine ya mwaka 1955.

Kimoja kimebaki cha kweli kabisa. Ile mistari ya dhahabu kwenye tangi bado huchorwa kwa mkono na brashi, kazi iliyoshikwa miaka mingi na familia moja ya Chennai. Kiwanda chenyewe kina roboti za kupaka rangi, lakini mstari ule wameuachia mkono wa mtu. Ukiutazama kwa karibu kwenye jua utaona pale brashi ilipoanzia na ilipoishia. Kwangu mimi sehemu nzuri ya bei iko pale, na namuelewa anayelipa kwa ajili hiyo tu.

CG, mzee anayeitwa mtoto

Sasa ile tunayoidharau. Katikati ya miaka ya 1970 Honda walikuwa na tatizo katika nchi zinazoendelea. Pikipiki zao ndogo zenye kamshafti (shafti inayofungua vali) juu ya kichwa cha silinda zilikuwa zinakufa mapema, kwa sababu watu walizipakia mizigo kupita kiasi na kubadilisha oili pale tu walipokumbuka. Kamshafti iliyo juu inategemea oili safi ipande mpaka kileleni. Oili ikichoka, kileleni ndiko kunakoanza kulia. Wahandisi wakaamua kurudi nyuma kwa makusudi. Wakaishusha kamshafti chini karibu na krankishafti, ile inayozungushwa na pistoni, ikaendeshwa kwa meno, na vali zikasukumwa kwa fito ndefu mbili, mtindo uliokwishaonekana umepitwa na wakati. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Kamshafti yenyewe ina nundu moja tu inayofanya kazi ya vali zote mbili. Hiyo ndiyo Honda CG125, iliyoingia sokoni 1976: cc 124, kipenyo milimita 56.5, mwendo wa pistoni 49.5, na cheni ya nyuma iliyofunikwa yote isile mchanga.

Angalia walichofanya wahandisi hao. Hawakuwa na hamu ya mambo ya zamani. Waliuchukua ufundi wa zamani kwa sababu ulikuwa unasamehe. Japani waliitengeneza kwa muda, kazi ikahamia Brazil, na Pakistan bado wanaitoa kwa jina la Honda ikiwa imebadilika kidogo mno, kiki ikiwa palepale. Wachina nao wakainakili kwa mamilioni, wakaipanua kuwa cc 150 na 200. Nyingi ya zile pikipiki za Kichina zilizotujaa kuanzia miaka ya 2000, na guta za magurudumu matatu zinazobeba matofali na magunia mitaani, zinaendeshwa na mtoto au mjukuu wa injini hiyo.

Kwa hiyo tukiuliza ni chombo gani kati ya hivi viwili, vikiwa vipya dukani leo, kinachotengenezwa kwa namna ya zamani, mshindi ni yule mwenye stika za rangi kali na plastiki za umeme umeme. Bullet imevaa zamani nje. CG imeificha ndani.

Na ina dosari, tena si chache. Hiyo ya Kichina chuma chake hutofautiana mno. Spoku hukatika, nyaya za umeme ni nyembamba, breki za madramu hukufanya uanze kufikiria kusimama mapema kuliko ulivyozoea. Ukiisukuma zaidi ya kilomita 80 kwa saa inatetemeka na kulalamika. Hakuna atakayepunguza mwendo kuitazama. Kama nusu ya raha unayoitafuta ni macho ya watu pale stendi, CG haitakupa.

Mchanga, chumvi na mlima

Barabara zetu zinaamua mengi. Ardhi ya uwanda wa Makonde ni ya mchanga, na njia za kuingia mashambani Tandahimba na Newala wakati wa kiangazi hugeuka unga unaomeza tairi. Bullet ina kilo 195 kabla hujapanda. Kwenye lami ya Lindi uzito huo ni utulivu, upepo wa pembeni haukutikisi. Kwenye mchanga wa shambani ni mzigo unaopaswa kuuinua mwenyewe kila ikilala, na italala. CG ina kilo mia na kidogo. Mtu mmoja anaisimamisha, anaikokota, anaendelea.

Mzigo pia. Gunia la korosho ghafi lina kilo 80 hivi. CG yenye kichanja cha nyuma inalibeba toka shambani hadi ghala la AMCOS, chama cha msingi, bila maneno, na wapo wanaopakia mawili, ingawa mimi sishauri. Bullet ina nguvu za kutosha kubeba zaidi ya hapo, lakini ni nani atakayefunga gunia kwa kamba ya katani juu ya rangi ile?

Ule mteremko wa kutoka Newala ukingoni mwa uwanda, upande wa Shimo la Mungu, ni mtihani wa breki kuliko wa injini. Hapo Bullet inashinda bila mjadala. Ukiwa na CG, shuka kwa gia ya pili, injini ikushike, na breki ya nyuma iguse kwa vipindi ipumue.

Kuhusu chumvi: mkaa Mikindani, Kilwa Masoko, Msimbati au mtu yeyote anayeegesha mita chache kutoka baharini ajue kwamba upepo wa bahari ni adui wa kromu. Bullet ina kromu nyingi, na kromu iliyoanza vidoa haina dawa ya kudumu. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila ikitoka ufukweni, ipake oili nyepesi kwenye spoku na ekzosi, ifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa, si turubai la plastiki linalotunza unyevu. CG inakula kutu vilevile, ila kubadilisha rimu yake hakukuumizi.

Mafuta si hoja kubwa. CG huenda kilomita 40 na kitu kwa lita ikiwa imetunzwa, Bullet 35 hivi.

Fundi na spea

Fundi mmoja wa Chikongola, mtu mzima aliyeanza kushika spana enzi za Yamaha za mabwana shamba, aliizunguka Bullet mpya ya mteja, akaisifia kwa moyo wote, kisha akasema, "Mjomba, hii ikizima huko Mahuta, nikija na spana zangu nitafanya nini?" Mwenye pikipiki alicheka. Fundi hakucheka.

Hilo ndilo swali lenyewe. Bullet ya sasa haiharibiki ovyo, lakini ikiharibika sensa au pampu ya mafuta, kifaa cha kusomea hitilafu na spea yenyewe utavifuata mbali: Dar es Salaam kama una bahati, la sivyo uagize India na usubiri. Sijawahi kuona duka la spea Mtwara mjini lenye kebo ya klachi ya Bullet ikining'inia ukutani. Ya CG inaning'inia, pamoja na kabureta, koili, seti ya pistoni na ringi, fito za vali, gasketi, mpaka kamshafti. Nenda Mtama, nenda Ruangwa, nenda Nangurukuru, utazikuta.

Kazi yenyewe ni ya kumfundisha kijana kwa mchana mmoja. Kurekebisha tapeti za CG, yaani nafasi ya vali, ni kufungua kifuniko cha juu, kuiweka pistoni kileleni, kupitisha geji ya milimita 0.08 na kukaza nati. Oili ni karibu lita moja. Kabureta lina skrubu ya hewa na ya sailensa, yaani ya mzunguko wa injini isipovutwa mafuta. Kila kitu kina sababu unayoiona kwa macho, na kikilegea unakisikia kabla hakijavunjika. Mwenye Bullet ya chuma ya zamani anayaelewa haya. Ndiyo raha ileile iliyomfanya aipende. Mwenye Bullet ya 2023 ameilipia raha ya namna nyingine, ya kupanda na kwenda.

Bei: kwa makadirio yangu, Bullet mpya ikishalipiwa meli na ushuru usitegemee ishuke chini ya bei ya Boxer mbili. CG ya Kichina ni chini ya Boxer moja. Honda CG halisi ni ngumu kuipata mpya kwetu, na ukikutana na iliyotumika yenye injini yake ya asili, mwenyewe hataiachia kirahisi.

Ural, kwa ufupi

Mwaka 1941 Wasovieti walianza kutengeneza M-72 kwa kufuata BMW R71 ya Ujerumani. Vita ilipoikaribia Moscow, kazi ikahamishiwa Irbit, mashariki ya milima ya Ural, kwenye majengo ya kiwanda cha bia. Kizazi chake ndicho Ural: silinda mbili zilizolala kushoto na kulia, cc 749, shafti badala ya cheni, gia nne za mbele na moja ya kurudi nyuma, na kigari cha pembeni. Mwaka 2022, kwa sababu ya vita vya Ukraine na vikwazo, kazi ya kuiunganisha ilihamishiwa Petropavl, Kazakhstan.

Kuna aina yenye uwezo wa kuvuta kwa gurudumu la kigari pia, na kwa mchanga wa ufukwe wa Msimbati sioni pikipiki ya kuishinda. Lakini kigari kiko kulia, kwa ajili ya nchi zinazoendesha kulia. Kwetu wewe utakaa ukingoni mwa barabara na abiria wako atakuwa upande wa malori yanayokuja. Ukitaka kulipita lori la makaa, yeye ndiye atakayechungulia kwanza. Ongeza bei inayozidi magari mengi ya mitumba ya Kijapani, na kwamba fundi wa karibu anayeijua hayupo. Mwenye hoteli ya kitalii Kilwa anaweza kuwa na sababu. Wewe na mimi, tuitazame kwenye simu.

Zilizotumika

Yamaha AG100 na DT125, na Honda XL125, zilizowabeba mabwana shamba na mabwana afya wa mikoa hii, bado zinaibuka. Hizo Yamaha mbili ni za two-stroke, zinakula oili yake maalumu na kutoa moshi, lakini ni nyepesi na mchanga haujawahi kuzitisha. Ukiipata iliyonyooka fremu, ichukue. Kadi iwe na jina linaloeleweka, na namba za fremu na injini zilingane nayo, maana nyingi zilipita mikono mingi baada ya kuuzwa na ofisi.

Nani achukue nini

Mwalimu au mfanyabiashara wa mjini, nyumba iko kwenye lami, ana chombo kingine cha shughuli na anataka Jumapili ya kwenda Lindi kula samaki na kurudi: Bullet mpya, bila kusita. Aagize pamoja nayo kebo zote, chujio za oili, pedi za breki na betri ya akiba, vije kwenye kontena moja.

Mkulima wa Tandahimba au Nachingwea anayependa mashine na ana mikono: CG. Avue stika, aweke kiti kirefu cha kushonesha, abadilishe taa iwe ya duara, apake tangi rangi moja. Mafundi wa rangi Mtwara wanaweza kuvuta mstari wa dhahabu kwa brashi ukiwalipa vizuri na usiwaharakishe. Dukani akague ubavu wa kichwa cha silinda: akikuta kifuniko cha duara, hiyo ina kamshafti juu na cheni ya ndani, si CG, hata muuzaji aseme nini. Kilomita za kwanza aende taratibu, kisha amwage oili ya kiwandani mapema, maana hutoka na vumbi la chuma.

Na anayetaka Bullet ya chuma, ile yenyewe ya platini, ajiandae kuitafuta muda mrefu na kuiagiza kutoka nje. Atazame kama gia boksi linavuja kupita kawaida, kama mshale wa ampia unacheza, na kama kiwiko cha mgandamizo kinafanya kazi. Nyingi ya hizo zina pedali ya gia mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki zote zilizoko hapa. Bodaboda wa kwanza atakayeomba kuijaribu, mwoneshe breki iko wapi kabla hajapanda.